Kuondoa kaboni kwenye injini ya zamani ukiwa nyumbani: dawa ya tangi, maji, kuloweka pistoni au kufungua manifoldi?

Spana_Gungu
Wakuu salaam. Gari ni Corolla 110, injini 5A-FE, gia otomatiki. Kazi yake ni ya mjini hapa Kigoma: Gungu, Mwanga, Ujiji na kurudi. Kasulu linakwenda kwa nadra. Asubuhi linatetemeka kwenye silensa (injini ikinguruma bila kukanyaga mafuta), ukikanyaga mafuta ghafla linasita kwanza ndipo linavuta, na kwenye mlima likiwa na mzigo injini inagonga kwa mlio mkavu. Plagi zinatoka nyeusi, masizi makavu. Oili haipungui. Njia zinazotajwa ni nne: dawa ya kuchanganya na petroli, maji kupitia mpira wa vakyumu (mvuto wa hewa wa injini), kuloweka pistoni usiku kucha, na kufungua manifoldi (bomba linalogawa hewa kwa silinda) kusugua kwa mkono. Naomba ulinganisho kwa wanaozijua, hasa ipi ianze na ipi isiguswe kwa injini hii.

FundiKatubuka
Mkuu, njia hizo hazishindani. Kila moja inafika mahali pake, kwa hiyo swali la kwanza ni kaboni yako imekaa wapi.

Kwenye throto (mlango wa hewa ya injini) na kwenye tundu la hewa ya silensa inakuwa ulimbo mweusi laini, unaotokana na mvuke wa oili unaorudishwa kutoka kwenye krenki. Huo ndio unaoleta kutetemeka asubuhi. Mgongoni mwa valvu za kuingiza hewa inakuwa ganda gumu lenye vitundu, na ganda hilo linanyonya sehemu ya petroli ya nozeli kabla haijaingia silinda, ndiyo maana gari linasita ukikanyaga ghafla. Juu ya pistoni inakaa kavu, inakula nafasi ya chumba cha kuchomea, mgandamizo unapanda na joto halitoki vizuri. Hapo ndipo kugonga kunapotokea.

Anza na throto, kwa sababu ni bei ndogo na haina hatari. Injini ikiwa baridi, legeza klampu za mpira mkubwa wa hewa, uvute pembeni. Puliza dawa ya throto kwenye kitambaa, usimwage ndani ovyo. Fungua kipepeo kwa mkono (5A-FE ni ya kebo, inaruhusu), futa ukingo wake na ukuta wa throto pale kinapofungia, maana ulimbo mwingi uko kwenye mstari huo. Tumia mswaki laini. Gari lenye throto ya umeme usilisukume kipepeo kwa kidole, gia zake ni za plastiki. Kisha tafuta valvu ya hewa ya silensa, imefungwa chini ya throto. Skrubu zake hushika sana, weka mafuta ya kulegezea kutu usiku mmoja kabla, na uwe na gasketi mpya mkononi kabla hujafungua.

Baada ya hapo ndipo uende kwenye dawa ya tangi. Angalia lebo: unataka yenye PEA (polyetheramine). Hii inavumilia joto la chumba cha kuchomea na inalainisha kaboni ya valvu na ya juu ya pistoni. Dawa za PIB (polyisobutylene) za bei rahisi zinasafisha nozeli na valvu kwa kiasi, lakini zenyewe zinaweza kuongeza masalia juu ya pistoni. Tangi la Corolla 110 ni lita 50. Mimina chupa kwanza, kisha jaza petroli ili ichanganyike, kwa kipimo cha lebo, wala usizidishe. Halafu litembeze mbali: panda Kasulu kwa mwendo unaoishughulisha injini. Kulimaliza tangi hilo kwa safari fupi za Gungu na Mwanga ni kutupa dawa. Sehemu ya PEA hupita ringi na kushuka kwenye oili, hivyo pangilia kubadilisha oili tangi likikaribia kuisha.

BintiUjiji
Fundi, na Premio ya D-4 je? Dalili zinafanana, kusita na kutetemeka.

FundiKatubuka
Dada, hapo hesabu inabadilika kabisa. Injini za D-4 kama 3S-FSE na 1AZ-FSE, na zile za GDI za Mitsubishi, zinapuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda. Petroli haigusi mgongo wa valvu za kuingiza hewa. Kwa hiyo dawa ya tangi, hata ikiwa nzuri namna gani, haitaondoa ganda la pale. Itasafisha ncha za nozeli na juu ya pistoni, basi. Kwa valvu za D-4 njia ya uhakika ni kufungua manifoldi.

Ukishaifungua, ziba matundu yote kwa vitambaa safi isipokuwa la silinda unayoifanyia kazi. Zungusha krenki kwa soketi kwenye kapi hadi valvu za silinda hiyo zifunge zote mbili. Mulika kwa tochi uhakikishe. Kama zimefungwa, mimina dawa hadi ifunike vichwa, subiri dakika 20 mpaka 30. Kama kiwango kinashuka haraka, valvu haijafunga au haikai vizuri kwenye kiti chake, usiendelee kumimina. Sugua kwa brashi ya nailoni na kijiti cha mti mgumu. Nyonya uchafu kwa bomba kubwa la sindano lenye mpira, futa, rudia mara tatu au nne. Usinyonye kwa mashine ya umeme ya kufagilia: mvuke wa dawa na cheche za mota yake ni mlipuko. Brashi ya waya wa chuma nayo iache, uzi mmoja ukidondoka ndani utachora ukuta wa silinda. Gasketi za manifoldi ziwe mpya.

Mise_na_Mawese
Nchi za wenzetu wanapuliza maganda ya jozi yaliyosagwa kwa kompresa. Huku maganda ya mise (kokwa za michikichi) yamejaa, nayo ni magumu. Hayafai?

Kibirizi_Mitambo
Usijaribu, ndugu. Maganda yale ya jozi yanachekechwa hadi chembe zilingane, hayana mchanga, na yanapulizwa kupitia kifaa kinachonyonya muda huohuo. Maganda yaliyotwangwa nyumbani yana vumbi na changarawe ya uwanjani, na changarawe ikibaki nyuma ya valvu inaishia kwenye ringi. Mchanga ndio kabisa usiutaje.

Nirudi kwenye maji, kwa sababu hapo ndipo injini nyingi zinapopinda konrodi. Yanafanya kazi kweli kwa kaboni ya juu ya pistoni: tone linageuka mvuke ghafla kwenye kaboni ya moto na kuipasua. Injini iliyovuja gasketi ya silinda hedi ukiifungua, pistoni iliyokuwa inapata maji utaikuta inang'aa. Ila mgongoni mwa valvu, penye ulimbo wa oili, maji hayasaidii kitu cha maana.

Hatari yake ipigieni hesabu. 5A-FE ina cc 1498, kila silinda ni kama cc 374. Kwa mgandamizo wa 9.8 kwa 1, nafasi inayobaki pistoni ikiwa juu ni takriban mililita 42. Maji hayagandamiziki. Silinda ikipata kiasi hicho kwa mkupuo, pistoni inakwama ghafla na konrodi inapinda. Sasa chukua mililita 20 kwa dakika kwenye mizunguko 2,000 kwa dakika: silinda nne zinavuta hewa mara 4,000 kwa dakika, kila mvuto unapata mililita 0.005. Hapo uko salama mbali sana. Kinachoua ni mpira uliofunguka wote.

Namna ya kufanya: injini iwe imepata joto lake la kazi, gari liko nje, gia kwenye P, breki ya mkono, mtu mmoja ashike resi 2,000 hadi 2,500. Tumia mpira wa dripu wenye kigurudumu cha kubana. Uunganishe kwenye tundu la vakyumu linalohudumia manifoldi yote, sio la mkono wa silinda moja, na sio mpira wa sensa ya vakyumu, ukiuchomoa huo kompyuta inapoteza hesabu ya petroli. Chupa iwekwe CHINI kuliko manifoldi. Ikiwa juu, maji yatajishusha yenyewe hata injini ikizimika, na ukipiga stata ndio mwisho. Weka alama kwenye chupa kila mililita 100 na urekebishe kigurudumu hadi 100 iishe kwa dakika tano. Mililita 300 zinatosha kwa injini hii. Ukimaliza, funga kigurudumu kwanza, iache injini ivute hewa kavu dakika mbili tatu, ndipo uzime.

Maji yawe ya mvua yaliyochujwa. Ya ziwa yana madini mengi, yanaacha magamba. Na ukiomba dukani "maji ya betri" hakikisha hukupewa tindikali, maana wauzaji wengine huviita vyote jina moja.

Diseli_Tabora
Naongezea kutoka Tabora kwa wenye Hilux na Land Cruiser: haya ya maji msiyalete kwenye dizeli. injini ya 1HZ ina cc 4164 kwa silinda sita na mgandamizo wa 22.4 kwa 1, nafasi ya juu ni kama mililita 32 tu. Halafu hakuna vakyumu ya kuvuta kwa kipimo. Na dawa ya kupuliza ya throto kwenye dizeli inayonguruma ni petroli ya ziada isiyopita pampu: injini inaweza kupanda resi isizimike kwa ufunguo. Kwa injini ya 1KZ-TE, fungua valvu ya EGR (inayorudisha sehemu ya moshi kwenye injini) pamoja na bomba lake, loweka nje ya gari, sugua, rudisha na gasketi mpya. Masizi mengi yako hapo na kwenye koo la manifoldi.

Mise_na_Mawese
Kuna wanaotumia kostiki soda ya kutengenezea sabuni kulowekea silinda hedi na pistoni, inang'oa kaboni usiku mmoja.

FundiKatubuka
Inang'oa na aluminiamu pamoja. Kostiki soda inakula aluminiamu na kutoa gesi ya haidrojeni, inayowaka. Silinda hedi ya 5A-FE na pistoni zake ni aluminiamu: uso wa gasketi utatoboka vitundu na haurudi mpaka ukachongwe. Kostiki ni ya vyuma vitupu tu, kama manifoldi ya moshi, tena kwa glavu na miwani.

Kuhusu kuloweka pistoni: ndugu Spana, umesema oili haipungui, hivyo hiyo siyo njia yako kwa sasa. Ni tiba ya ringi zilizoganda kwa kaboni, na dalili yake ni moshi wa bluu kila unapokanyaga. Moshi ukitoka pale tu unapokanyaga baada ya kushuka mlima mrefu kwa injini, angalia sili za valvu kwanza.

Anayeihitaji afanye hivi: toa plagi, zungusha krenki kwa soketi ya 19 hadi pistoni zote nne ziwe katikati ya safari (pima kwa kijiti kirefu kisichokatika). Mimina mililita 25 hadi 30 za dawa kila silinda, usiku mmoja. Asubuhi nyonya iliyobaki. Chomoa fyuzi ya EFI na soketi ya waya wa distribyuta, ili isimwagike petroli wala kuruka cheche juu ya mvuke. Funika matundu ya plagi kwa kitambaa, piga stata sekunde tano mara tatu. Kisha mwaga oili na ubadilishe filta kabla ya kuwasha. Wengi wanawasha kwanza wakisema watamwaga baadaye, na hapo beringi za krenki zinazunguka kwenye oili iliyokuwa nyepesi kama maji. Iwashe nje, moshi utakuwa mwingi. Gari lenye masega (katalisti ya kusafisha moshi) mazima usilirudie mara kwa mara, moshi wa oili unayaziba.

Kibirizi_Mitambo
Kabla ya kununua chochote pima kompresheni, injini ikiwa ya moto, plagi zote nje, throto wazi. Kwa 5A-FE kawaida ni kilo 13.5 kwa sentimita ya mraba, isishuke chini ya 10, na silinda zisipishane zaidi ya kilo 1. Ikizidi kawaida waziwazi, kaboni iko juu ya pistoni. Ikiwa chini, weka kijiko cha chai cha oili kwenye silinda hiyo upime tena: ikipanda ni ringi, isipopanda ni valvu au gasketi.

Na swali moja kwa Spana_Gungu: themostati ipo?

Spana_Gungu
Haipo. Gari lilikuja bila themostati, na feni inazunguka muda wote.

Kibirizi_Mitambo
Basi hapo ndipo masizi yako yanapotengenezwa. Bila themostati, maji yanazunguka kwenye rejeta tangu sekunde ya kwanza. Safari ya Gungu hadi Ujiji inaisha injini haijapata joto, sensa inaiambia kompyuta kwamba injini ni baridi, kompyuta inazidisha petroli, na petroli ya ziada haiungui yote. Tena plagi hujisafisha zenyewe zikishapata joto la kutosha, za kwako hazilifikii. Rudisha themostati ya nyuzi 82, feni ifanye kazi kwa swichi yake. Kama iliondolewa kwa sababu gari lilikuwa linachemsha, tibu rejeta iliyoziba au mfuniko uliochoka. Angalia pia valvu ya PCV (inayorudisha mvuke wa krenki): itikise, isiposikika kulia imeganda. Na filta ya hewa, kwa vumbi letu jekundu wakati wa kiangazi, isisubiri ratiba ya kitabu.

Spana_Gungu
Nashukuru sana wakuu. Themostati imefungwa na throto imesafishwa leo. Ila sasa silensa iko 1,400 na haishuki hata injini ikipata joto. Nimeharibu kitu?

FundiKatubuka
Si lazima. Kompyuta ilizoea kufungua valvu ya silensa zaidi ili kufidia uchafu, sasa njia iko wazi na hewa imezidi. Chomoa waya hasi wa betri dakika 15, rudisha, washa bila AC wala taa, usiguse mafuta, iache ingurume robo saa. Ikishuka kwenye 700 hadi 800, imekwisha. Kumbuka pia umegusa mfumo wa maji: kama kuna hewa imebaki, rejeta ikipungua silensa hupanda na kushuka, kwa hiyo ongeza maji mfuniko ukiwa wazi na injini ikiwa baridi. Isiposhuka kabisa, pulizia maji ya sabuni kidogo kidogo kwenye maungio ya mpira wa hewa na gasketi ya valvu ya silensa uliyoifungua. Mahali ambapo mlio wa injini unabadilika ukipulizia, hewa inaingilia hapo, na mara nyingi ni gasketi ya zamani iliyorudishwa.