Eti "amezoea shida"! Yule jamaa yenu kaniacha njiapanda ya Nangurukuru

Mchanga wa Msimbati (mleta mada):

Wakuu, naandika nikiwa kwenye benchi la mama wa chapati hapa Nangurukuru, njiapanda ya kwenda Kilwa Masoko. Simu inachaji kwa hisani yake na mikono inatetemeka kwa hasira. Jina simtaji. Halina haja ya kutajwa, humu ndani kila mtu anamjua: yule wa kofia ya pama, miwani ya jua hata saa mbili usiku, bingwa wa "lipa tu, tutahesabiana mbele."

Kaniacha. Jua la saa nane mchana, limesimama gari la watu lenye nafasi moja, kapanda yeye. Dereva, Mungu ambariki, akamuuliza, "Na mwenzako je?" Akajibu mbele yangu, nasikia kwa masikio yangu mawili: "Mwache huyo, amezoea shida."

AMEZOEA SHIDA!

Safari yenyewe aliileta yeye. Mabegi mgongoni, hema moja, tunateremka na pwani ya kusini kutoka Dar mpaka Msimbati kule karibu na Msumbiji, tunapanda chochote chenye magurudumu, giza likitukuta tunalala hapohapo. "Tunakwenda pamoja, tunarudi pamoja." Maneno yake hayo. Nikaomba ruhusa kazini, nikamnyenyekea bosi ambaye simpendi.

Basi liliposimama Somanga watu wale, kaagiza samaki mzima wa kukaanga, kamla mpaka miiba ikaomba radhi, ndipo akakumbuka pesa zake ziko kwenye begi na begi liko kwenye buti. Nikalipa. Kilwa Masoko huvuki kwenda Kilwa Kisiwani, kwenye magofu ya mji wa kale, bila kulipia kibali kwanza. Nikalipa viwili. Mashua, nikalipa.

Na kule Kisiwani ndiko alikonitia aibu. Mwongozaji, mtu mzima, anatueleza taratibu jinsi Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco, alivyofika hapo mwaka 1331, anatuonyesha kuba za Msikiti Mkuu, anatuambia habari za dhahabu ya Sofala, kule Msumbiji, iliyoutajirisha mji ule mpaka masultani wake wakapiga sarafu zao wenyewe. Mimi nimesimama nasikiliza, nywele zimenisimama, kwa sababu haya ni mambo ya kwetu. Yeye kampa mzee mgongo! Tulipofika Husuni Kubwa, kasri la sultani, kavua shati, anataka nimpige picha amejilaza ukingoni mwa lile birika la pembe nane. Birika la sultani! Mahali palipoingizwa kwenye Urithi wa Dunia tangu 1981! Mzee akanyamaza, mimi ndiye niliyemwomba radhi.

Hayo yote nilimeza, ni rafiki wa tangu shule. Lakini "amezoea shida"? Nani kanizoesha kama si yeye?

Na mjue gari lile halikusimama kwa ajili yake. Aliyesimama juani kupunga mkono ni mimi, yeye yuko kivulini anakunywa maji. Gari limesimama, kabla sijainama kumsalimu dereva, mtu keshakaa kiti cha mbele na mkanda keshafunga. Mkanda! Tangu lini yule anafunga mkanda? Halafu ndiyo ile kauli. Halafu akanipungia, na mkono aliopungia umeshika chupa yangu ya maji. Turubai la hema kaondoka nalo, vyuma vya hema kaniachia mimi. Nilale na vyuma?

Sasa hivi kaweka picha ya Ghuba ya Lindi, maji yanameremeta, chini kaandika: "Kuna safari unatakiwa uende peke yako." Peke yako, na nauli ya Dar mpaka hapa nimelipa mimi!

Sitaki ushauri wala "mchukulie alivyo." Mabasi ya kutoka Dar yanapita yamejaa, makondakta wananitikisia kichwa kutokea dirishani, mbuzi wa hapa wote washanijua. Nataka tu mniambie kama kuna mwanadamu mwingine chini ya jua aliyewahi kuambiwa "amezoea shida" na mtu aliyeshibishwa naye.

Nawasilisha.

Ngoja Kwanza:
Ngoja wajuzi waje. Nimewahi kiti cha mbele na mkanda nimefunga.

Mama Kitumbua:
Ni yule wa kofia? Aliyekusanya michango ya kwenda Mafia kuangalia papa potwe, siku ya safari tuko Nyamisati tunasubiri boti, yeye hapokei simu? Jamani, huyo bado ana marafiki?

Mchanga wa Msimbati:
Huyohuyo dada. Na kofia ile ya pama ni yangu.

Nanga Butu:
Mwanaume mzima kaachwa njiapanda, anakuja kulia mtandaoni. Mkuu, nimeiangalia picha yako ya wasifu, nimeikuza kabisa. Jamaa hajasema uongo.

Korosho Mbichi:
@Nanga Butu 😂😂 acha uchokozi. Mleta mada, swali moja: aliyekuwa anashika pesa ya safari ni nani?

Mchanga wa Msimbati:
Pesa ipi? Nimeshasema nimelipa mimi! Someni uzi kabla ya kujibu. Mtu anamwambia dereva "amezoea shida" kana kwamba mimi ni punda wa Lamu. Mbele yangu!

Mzee wa Pantoni:
Wanangu, nyie shida hamjaiona. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, Mto Rufiji tulivuka kwa pantoni pale Ndundu. Likiharibika mnalala ng'ambo hii mnaitazama ng'ambo ile. Mkivuka, masika lile tope mpaka Somanga linakamata basi, abiria wote chini, sukuma. Mimi nimelisukuma basi na suti ya harusi, na bwana harusi ni mimi. Wewe una lami, una chapati, una chaji, unalalamika nini?

Mama Kitumbua:
Shikamoo mzee. Harusi uliiwahi?

Mzee wa Pantoni:
Marahaba mwanangu. Kaka yangu alinishikia nafasi kwenye kuoa. Mpaka leo wakwe wanamwita yeye bwana harusi, na yeye hakanushi. Hilo nalo lingetakiwa lifunguliwe uzi.

Korosho Mbichi:
Mzee, la barabara hiyo na mimi nina langu. Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilipoleta yale mafuriko barabara ikakatika Somanga, niliganda kwenye foleni ya magari na jirani wa kiti mwenye kapu la machungwa. Kala yote peke yake, anamenya taratibu, ananitazama usoni. Hakutoa hata pande moja. Ningemjua kwao ningekwenda kumsemea kwa mama yake.

Mchanga wa Msimbati:
Machungwa si yalikuwa yake? Mimi kaondoka na maji YANGU. Turudi kwenye mada wakuu.

Mkaazi wa Kilifi:
Habari zenu kutoka Kenya. Wangu tulipanga kutoka Mombasa hadi Lamu kwa matatu, tukashuka Malindi, tukapita Gede kutazama magofu, mambo sawa. Kufika Mokowe tuvuke na boti, akasema yeye haabiri, anaogopa maji. Mtu wa Likoni! Anavuka feri kila siku ya Mungu kwenda kazini! Nikavuka peke yangu, na chumba nilikuwa nishalipia watu wawili.

Nanga Butu:
Huyo wa Likoni na wa kofia wakutanishwe waoane.

Mchanga wa Msimbati:
Jamani, basi lingine limepita. Limejaa.

Ngoja Kwanza:
Pole. Hivi kwa mliopita Somanga, yule pweza wa pale ni mzuri kama wanavyosema, au ni njaa ya safari?

Mzee wa Pantoni:
Ni mzuri, ila aliwe akiwa wa moto.

Mama Kitumbua:
Mzee wangu, kwa heshima zote, pweza ni wa Msimbati. Kinamama wanamtafuta wenyewe maji ya bamvua yakitoka, anatoka mwambani anaingia sufuriani. Wa stendi anakaangwa asubuhi, unauziwa jioni.

Korosho Mbichi:
Naunga mkono. Na awe wa nazi. Pweza wa kukaanga ni kutafuna kandambili.

Nanga Butu:
Wa nazi ndio mnaharibu. Supu tu, pilipili, ndimu inatiwa jikoni, basi.

Mzee wa Pantoni:
Ndimu jikoni? Wewe umelelewa wapi? Ndimu inakamuliwa bakulini, supu imeshashuka. Nenda Kilwa kaulize.

Nanga Butu:
Mimi natoka Kilwa, mzee.

Mama Kitumbua:
Kilwa ipi? Kivinje au Masoko? Maana Kivinje supu hawaijui, nasema mchana kweupe.