Waajiri na vyuo, kimya chenu kinatumaliza wahitimu

Wakuu, nimevumilia vya kutosha, leo naandika. Kila nikikuta mtu anawaambia wahitimu "mtaani ni pagumu, zoeeni", napandwa na hasira. Ugumu tunaujua. Wengi wetu tulisoma kwa shida, kuna waliokuwa wanalala njaa hosteli na bado wakaingia kwenye mtihani asubuhi. Hatuogopi shida. Linalonikera ni jambo ambalo watu hawalisemi kabisa: chuoni kila ulichofanya kilijibiwa. Huku mtaani unafanya, unarudia kufanya, na hakuna anayekujibu.

Hebu fikirieni. Chuoni ukikusanya asaimenti inarudi. Inaweza kurudi na alama za aibu, mhadhiri kachora kalamu nyekundu ukurasa mzima, lakini imerudi na umejua ulipokosea. Ukifeli unasap, yaani unapewa mtihani wa marudio. Ukisap ukashindwa unalirudia somo. Hata aliyedisko, yaani aliyeondolewa chuo kwa kufeli, anapewa barua yenye sababu, na mara nyingi anaonyeshwa na njia ya kukata rufaa. Ratiba ipo, mtaala upo, unajua mtihani ni lini na anayesahihisha ni nani. Na haikuanzia chuo, tangu darasa la kwanza tumeishi hivyo. Miaka yote hiyo mtu analelewa akiamini kwamba juhudi yake lazima itamfikia mtu fulani, naye atasema neno.

Mahafali yakipita, basi. Akaunti ya barua pepe ya chuo inafungwa, kadi ya maktaba haifanyi kazi tena, majarida ya kitaaluma uliyokuwa unayafungua bure sasa yanadai hela kwa kila makala. Mliokuwa mnakesha pamoja kwenye diskasheni kila mmoja kashika njia yake. Unabaki wewe na vyeti vyako, unatuma maombi. Unatuma huku, unatuma kule. Kimya. Hujui kama hawakuyaona, au waliyaona wakayatupa, au nafasi ilishajazwa kabla haijatangazwa, au wasifu wako una kosa dogo ambalo ungelirekebisha jioni moja kama kuna mtu angekuambia. Aliyeambiwa "umekosa, na sababu ni hii" ataumia, atalala, kesho atajipanga upya. Aliyenyamaziwa hana pa kuanzia. Anajichunguza, anajishuku, mwisho anaamini kasoro ni yeye mwenyewe. Nimeona vijana wenye akili nzuri sana wakinyongea hivyo, watu waliokuwa wanatufundisha sisi wengine usiku kabla ya mtihani.

Na kwenye usahili ndiyo dharau inazidi. Kuna ofisi, siitaji jina, ilinipa kazi ya majaribio, nikaifanya kutwa nzima bila malipo, nikaambiwa nitapigiwa simu. Sijapigiwa hadi leo. Sentensi moja ya kumwambia mtu kwamba amekosa nafasi inagharimu nini? Kompyuta inaweza kuwatumia ujumbe huohuo waombaji wote kwa kubofya mara moja. Mtu kakopa nauli, kaazima shati, kaja kukaa mbele yenu. Hamumwoni kuwa anastahili hata hiyo sentensi?

Vyuo nao wasijifiche nyuma ya waajiri. Mimi nimesoma uchumi. Tulifundishwa darasani habari ya Michael Spence, aliyeandika mwaka 1973 kwamba mwajiri hawezi kuuona uwezo ulio ndani ya mtu, kwa hiyo anaangalia cheti kama ishara yake, kwa kuwa kukipata ni kazi rahisi zaidi kwa mwenye uwezo kuliko kwa asiye nao. Kwa kazi hiyo alikuwa mmoja wa waliopata Tuzo ya Nobeli ya Uchumi mwaka 2001. Nililijibu hilo swali kwenye mtihani na nikapata A. Lakini hakuna mhadhiri aliyegeuka akatuambia: jamani, hii inawahusu ninyi mliokaa hapa. Maana wenye cheti wakishakuwa wengi, cheti peke yake hakimtofautishi mtu tena, na mwajiri ataanza kudai kitu kingine juu yake. Ndiyo maana leo tangazo linasema nafasi ni ya anayeanza kazi, halafu mistari miwili chini linataka uzoefu wa miaka 3. Walimu wetu walilijua hilo kinadharia kabisa, wakalitungia mtihani, wakatuacha twende.

Koneksheni ni hivyohivyo. Tukisikia neno hilo tunamfikiria mjomba mwenye cheo, na asiye na mjomba anakata tamaa mapema. Mwaka huohuo wa 1973 mwanasosholojia Mark Granovetter alionyesha kwamba habari za kazi mara nyingi huletwa na watu unaofahamiana nao kwa mbali, kuliko marafiki wa ndani. Sababu yake inaeleweka, rafiki yako wa karibu anajua yaleyale unayoyajua wewe. Yule mliyekutana mara chache, wa fani nyingine, ndiye anayesikia mambo usiyoyasikia. Sasa niambieni, ni wapi tena mtu atazungukwa na maelfu ya watu wa namna hiyo, wa kila fani, kama si chuoni? Tuliipata hiyo nafasi kwa miaka mizima na hatukuambiwa thamani yake. Orodha za wahitimu wa zamani zipo kwenye kompyuta za vyuo, lakini tunawasikia wakizitumia pale wanapoomba michango.

Kuna na hili la kujitolea. Azimio la Kimataifa la Haki za Binadamu la mwaka 1948, ibara ya 23, linasema kila afanyaye kazi ana haki ya kupata malipo ya haki yanayomtosha yeye na familia yake. Hakuna mahali lilipoandika "isipokuwa waliotoka chuo". Kijana anaingia ofisini asubuhi, anatoka jioni, anafanya kazi ileile anayolipwa mwenzake, anaambiwa anapata uzoefu. Na anayeweza kufanya hivyo miezi sita ni yule ambaye nyumbani kwao wanaweza kumtunza. Mtoto wa maskini hata huo uzoefu wa bure hawezi kuumudu, kisha mwakani ataulizwa kwa nini hana.

Wale wa "jiajirini" sina maneno mengi nao. Waje na mtaji.

Ila mnaosema kijana asiye na kazi ni mvivu, nawaomba muache. Watafiti waliwafuatilia wahitimu wa vyuo wa Kanada, matokeo yakachapishwa mwaka 2012: waliomaliza masomo wakati uchumi umedorora walianza na kipato cha chini, na pengo hilo lilichukua takriban miaka 10 kuzibika. Miaka 10! Mwaka wa kumaliza chuo hakuna aliyeuchagua. Ulizaliwa lini, ulianza shule lini, ndivyo ilivyoangukia. Mliomaliza nafasi zikiwa nyingi msiwapimie wadogo zenu kwa kipimo chenu.

Nataka mambo ambayo hayahitaji bajeti kubwa. Vyuo vituachie barua pepe na maktaba walau mwaka mmoja baada ya mahafali, na kila chuo kitangaze wazi, kozi kwa kozi, wahitimu wake wangapi wamepata kazi na baada ya muda gani, ili mzazi anayelipa ada aone anachokilipia. Anayetaka mtu wa kujitolea amlipe, hata kidogo.

Na humu ndani najua mpo mnaoajiri, maana kwenye nyuzi nyingine huwa mnajitambulisha. Fungueni barua pepe zenu leo. Kuna watu mliowasaili mwezi uliopita, bado wanalala na simu masikioni. Waandikieni.