Naomba ushauri: mmea unaokula wadudu na joto la Dar

Wakuu, habari za jioni. Binti yangu wa miaka 15 ana mambo mawili tu: muziki wa klasiki na mimea inayokula wadudu. Fidla ameshapata mwalimu, hapo hakuna shida (labda waulizwe majirani). Shida ni Dionaea yake, ule mmea wenye majani yanayonasa inzi. Inzi akigusa vinyweleo mara mbili, jani linajifunga pap! Maji ya mvua anakinga mwenyewe, maana ya kisima yana chumvi, na mbolea haweki kabisa. Ila mmea huu kwao Marekani hupumzika miezi ya baridi. Kwa joto hili, baridi tuitoe wapi? Kuna aliyeuweka kwenye friji ukapona? Au ahamie Nepenthes (mimea mingine inayokula wadudu, yenye mitego kama vikombe) za ukanda wa joto?