Wauza hereni acheni uongo, semeni ndani kuna madini gani!

Wakuu, nimechoka. Naandika ndewe zote mbili zimevimba, kwa hiyo nikiwa mkali mnivumilie.

Unaingia dukani, unasema mapema kabisa: "Dada, mimi nina aleji ya nikeli, yale madini yanayochanganywa kwenye vito, siwezi kuyavaa." Anakujibu bila kupepesa macho: "Chukua tu, hii haiwashi wala haipauki." Ni madini gani? "Dhahabu." Dhahabu ipi? "Ya kuchovya, lakini orijino." Imechovywa juu ya nini? Hapo sasa anakukazia macho kana kwamba umemtukania mama.

Na swali lote liko hapo. Ile dhahabu ya juu ni utando mwembamba tu. Nguo inasugua, sabuni inapita, na ukishachubuka, madini ya chini, ambayo mara nyingi yana nikeli, yanagusa ngozi. Chumvi ya jasho inaitoa nikeli kidogokidogo, inapenya, kinga ya mwili inaichukulia kuwa adui. Tena haikupigi papo hapo. Leo unavaa, unapendeza, unapiga picha. Kesho au keshokutwa unaamka sikio jekundu, linawasha hadi unataka kuling'oa, vimalengelenge vinatoa majimaji, hereni imegandia. Ukiirudisha unaambiwa, "Mbona juzi ulivaa vizuri? Utakuwa husafishi masikio."

Husafishi! Huo wimbo hata nyumbani naimbiwa. Jamani, huu si uchafu. Mwili ukishaichukulia nikeli kuwa adui, kwa kawaida ni maisha yote. Unachobaki nacho ni kuikwepa. Na wengi wetu tulianzia kwenye kutobolewa masikio, kidonda kibichi kikavishwa hereni ya ovyo. (Wenye kidole cha kijani chini ya pete, hiyo mara nyingi ni shaba tu, oga uendelee na maisha.)

Masonara nao wasijifiche. Karati 18 maana yake asilimia 75 dhahabu. Hiyo 25 iliyobaki ni nini, mzee? Dhahabu nyeupe hutengenezwa kwa kuchanganywa na nikeli au madini mengine yaitwayo paladi, halafu inapakwa juu utando wa rodi, madini meupe, ili ing'ae. Mtu anavaa pete ya ndoa, rodi inalika, upele unaanza, na sonara bado anaapa ni "dhahabu tupu". Tupu ni 24! Ile fedha ya Kijerumani ndiyo balaa zaidi: fedha yenyewe haimo, ni shaba, nikeli na zinki.

Kuna kipimo kidogo cha matone, unadondoshea kwenye pamba na kusugua hereni. Pamba ikigeuka pinki, nikeli inatoka. Nilikitoa dukani baada ya kuahidiwa "hii haina mzio kabisa". Pamba ikawa pinki mbele ya wateja. Muuzaji akaniambia, "Hiyo ni rangi ya dawa yako." Nikasugua pamba nyingine kwenye kaunta ya kioo, ikabaki nyeupe. Akaniomba nitoke, nafukuza wateja.

Na msiniambie haiwezekani kudhibitiwa. Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria ya nikeli mwaka 1994. Kitu kinachokaa kwenye ngozi muda mrefu hakiruhusiwi kutoa nikeli zaidi ya mikrogramu 0.5 kwa sentimita ya mraba kwa wiki. Kijiti cha kupita kwenye tundu la sikio, 0.2. Ni namba, zinapimwa. "Haiwashi" inapimwa na nani?

Na nyie mnaoshauri "paka rangi ya kucha ile ya maji juu ya madini", nimepaka. Kwenye kifungo cha jinzi inasaidia kidogo, kitovu kinapumzika. Kwenye hereni inabanduka unaanza upya.

Kilichonivimbisha safari hii ni hereni za madini ya titani. Kijiti ni titani kweli, sina ugomvi nayo. Ila kile kijifungio cha nyuma ni madini mengine kabisa, na hakuna aliyeona haja ya kusema.

Kama humu kuna muuza vito anayeweza kuandika madini yote ya hereni zake, kijiti, kulabu na kijifungio, aweke hapa ninunue. Titani, niobi, platinamu, vyovyote. Kama jibu lako ni "chukua tu haiwashi", pita kimya kimya.