Naombeni ushauri: diski ya nje yenye loki inafunguka ofisini na nyumbani, kwenye Mac ya kaka inagoma

binti_hesabu:
Habari za jioni wakuu, poleni na majukumu. Mimi nafanya mahesabu ya maduka ya watu pale Kariakoo, maduka sita hivi na mawakala wawili wa pesa za simu, kwa hiyo natembea na risiti zao, karatasi za mishahara, kopi za vitambulisho vya NIDA, TIN, yaani maisha ya watu yote yako kwenye pochi yangu. Juzi kati nilisahau flashi kwenye daladala la Mbagala, bahati nzuri ilikuwa na ratiba za kwaya tu, ila usiku ule sikulala. Nikanunua diski ya nje ya 1TB nikasema hii lazima iwe na loki.

Sasa shida iko hapa. Kompyuta ya ofisini ni Windows 11 Pro, nikabofya diski nikawasha BitLocker, ile loki ya Windows yenyewe, safi. Nyumbani laptopu yangu ni Windows Home, inaomba paswedi inafunguka, lakini nilipotaka kuiwekea loki flashi pia hapohapo sikuona pa kuwashia. Wikiendi natumia MacBook ya kaka, nikichomeka inasema diski haisomeki na inaniletea kitufe cha kuianzisha upya, nikachomoa mbio kama nimeshika pasi ya moto. Nimeiua? Na je steshenari ninapoprinti nitaifunguaje? Nawasilisha.

fundi_wa_mtaani:
Hujaiua dada, na ulivyochomoa umefanya jambo la maana. BitLocker ni ya Windows, Mac haiielewi kabisa, inaona takataka tu ndiyo maana inataka kuifuta. Kuna programu za kulipia za kuifungua kwenye Mac ila sioni sababu. Na hiyo ya Home ni kawaida, Home inafungua diski iliyofungwa kwingine na unaandika humo kama kawaida, lakini kufunga mpya mpaka uwe na Pro. Swali: ile funguo ya dharura ya tarakimu 48, ya kufungulia ukisahau paswedi, uliihifadhi wapi?

binti_hesabu:
Eeh... nilibofya ihifadhi kwenye faili. Faili liko desktopu ya ofisini 🙈

fundi_wa_mtaani:
Ofisini kwa watu tena. Iprinti uiweke nyumbani na vyeti vyako, halafu hapo desktopu ufute.

mgumu_wa_linux:
Hamia Linux, tumia LUKS, loki ya diski ya huko, maisha yameisha.

kapuku_tu:
@mgumu_wa_linux dada ana Windows mbili na Mac moja, wewe unamwongezea mfumo wa nne ambao hizo zote hazitaufungua. Umesaidia sana mkuu.

mama_wawili_IT:
Mdogo wangu nisikilize, kwa kompyuta mchanganyiko kama zako tumia VeraCrypt, programu ya kufunga faili na diski kwa paswedi, ni ya bure na inapatikana Windows, Mac na Linux. Ila usifunge diski nzima, tengeneza kontena, yaani faili moja kubwa lenye paswedi ambalo ukilifungua linatokea kama diski nyingine. Nakwambia hivi kwa sababu ukifunga diski nzima kwa VeraCrypt, kila ukichomeka Windows inakuuliza "nifomati?" na siku moja umechoka au mtoto ameshika mausi anabofya ndiyo, basi. Kwenye kontena Windows inaona diski ya kawaida yenye faili ndani, haiulizi kitu.

Kwanza hamisha vitu vyako vyote uviweke kwenye laptopu ya nyumbani na uvifungue uone vinafunguka kweli, usiamini kopi hujaifungua. Kisha fomati diski iwe exFAT, muundo wa diski ambao Windows na Mac zote zinausoma na kuuandika. Siyo NTFS, maana Mac inaisoma NTFS lakini haiandiki, na siyo FAT32 kwa sababu faili moja haliwezi kuvuka 4GB. Ndani ya kontena pia chagua exFAT, hapo ndipo wengi wanateleza, nje wanaweka exFAT ndani wanaacha NTFS halafu wanakuja kulalamika Mac haiandiki. Kontena la 500GB linatosha, sehemu inayobaki weka VeraCrypt yenyewe ya Windows na ya Mac. Kwenye Mac ya kaka kuna programu ndogo inaitwa macFUSE ambayo VeraCrypt inaitegemea, lazima iwekwe kwanza, mwombe ruhusa maana itataka paswedi yake ya admini. Kutengeneza kontena kunachukua masaa, usianze jioni ya kukatika umeme kwenye kompyuta isiyo na betri. Na ukimaliza kazi lifunge kontena kwanza ndipo uchomoe waya.

used_za_UK:
Naongezea kitu kilichonitoa jasho. Paswedi yangu ilikuwa na @, kwenye laptopu moja inafungua nyingine inakataa, nikadhani diski imekufa. Kumbe ile nyingine ni mtumba wa Uingereza, kibodi ya kule @ na alama ya kunukuu zimebadilishana nafasi na Windows ilikuwa imesetiwa ya Marekani, na unapoandika unaona nyota tu. Tumia sentensi ndefu ya maneno matupu, herufi 20 na zaidi, achana na alama.

kapuku_tu:
Tukumbushane tu, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika Mei 1, 2023, hizo kopi za NIDA za watu ni wajibu wako kuzilinda, siyo hiari.

binti_hesabu:
Asanteni sana jamani. Na steshenari?

mama_wawili_IT:
Steshenari usiichomeke kabisa. VeraCrypt hata ile isiyohitaji kuwekwa inataka admini, na wale hawatakupa. Halafu kontena likishafunguliwa liko wazi, kirusi cha pale kinaingia kama kawaida, loki ni ya mwizi wa diski tu. Toa PDF moja unayoiprinti weka kwenye flashi tupu, ukirudi ufute.

binti_hesabu:
Mrejesho: nimemaliza, limechukua usiku kucha maana nilichomeka kwenye poti ya zamani. Mac imekubali na kuandika inaandika! Ila bekapu yangu ya kila Ijumaa imeliruka kontena, inasema halijabadilika wakati nimeongeza faili kibao.

mama_wawili_IT:
VeraCrypt kwa kawaida haibadilishi tarehe ya kontena, kwa hiyo programu ya bekapu inadhani ni lilelile. Kwenye setingi kuna tiki ya kutunza tarehe za kontena, itoe. Au fanya kama mimi, fungua makontena mawili kwenye diski mbili, unakopi kilichomo kutoka hili kwenda lile.

binti_hesabu:
Nimetoa tiki, sasa linakopi. Diski ya pili naisubiri mwisho wa mwezi, wateja wakilipa.