Batiki yangu inapauka, na bei sijui niipangeje: naomba mwongozo

Mwanzo_Mbeya
Wakuu, salaam. Naanza biashara ya batiki nyumbani, mtaji laki tano. Natumia rangi za unga, kostiki (soda kali inayounguza), haidro (dawa ya unga ya kuyeyushia rangi) na nta ya mishumaa ya kuzuia rangi kwenye michoro. Nina matatizo mawili. Kitambaa kikifuliwa mara mbili kinapauka, na sehemu zenye nta hazitoki nyeupe, zina ukungu. Halafu kuna duka liko tayari kuchukua pisi 20 kwa mali kauli, yaani walipe baadaye, na sijui nitaje bei gani. Na jina la biashara, nisajili sasa au nisubiri? Naomba vipimo kabisa.

FundiNta
Kabla hujailaumu rangi, kipime kitambaa. Chomoa nyuzi mbili pembeni uziwashe. Pamba huungua kama karatasi na kuacha majivu laini. Zikiyeyuka na kuacha kidonge kigumu, humo mna polista, na rangi hizi hazishiki polista hata ufanyeje. Hata pamba tupu, ikiwa mpya bado ina wanga wa kiwandani. Ichemshe nusu saa na sabuni ya unga, suuza, ianike. Dondosha tone la maji: likinyweka papo hapo, kitambaa kiko tayari. Likikaa juu kama shanga, rudia.

Kipimo kinachotumika sana kwa pisi ya mita 4 ni rangi vijiko 2 vya chakula, kostiki 3, haidro 6, maji kama lita 6. Chukua lita 1 ya maji ya moto, koroga humo kostiki, kisha rangi, kisha haidro. Funika dakika 10, ndipo umimine kwenye maji baridi yaliyobaki. Wengi hutumbukiza kitambaa maji yakiwa bado moto, nta inalainika, rangi inapenya chini yake, na huo ndio ukungu wako. Beseni liwe vuguvugu tu, na glavu usivue.

Kupauka kunatokana na haidro kuishiwa nguvu. Haidro ndiyo inayoifanya rangi iyeyuke na kuingia ndani ya uzi. Ikishakufa, rangi inakaa juu juu kama vumbi na kuondoka na sabuni. Na inakufa kwa hewa: kukoroga kwa fujo, kifuko kilichoachwa wazi, beseni lililokaa tangu asubuhi. Yaangalie maji yenyewe. Kwa buluu ya nili, dawa ikiwa hai maji yana rangi ya njano-kijani. Yakigeuka buluu, ongeza kijiko 1 cha haidro, koroga taratibu, subiri kidogo. Kitambaa kizame dakika 10 hadi 15, kisha kianike kivulini nusu saa, kimekunjuka chote, mpaka rangi igeuke kila mahali. Hewa ndiyo inayoifunga rangi ndani ya uzi. Ukikisuuza mapema, umeimwaga.

Nta nayo: ikiwa na moto wa kutosha, kitambaa huwa kama gazeti lililofungia maandazi, unaona mwanga pande zote mbili. Ikikaa juu ikiwa nyeupe, ilipoa kabla ya kupenya. Na kwa baridi ya Mbeya mwezi Juni na Julai mishumaa mitupu itapasuka ovyo, changanya na nta ya nyuki, sehemu 1 kwa 3 za mishumaa. Nta ikishika moto funika kwa mfuniko, usimwage maji kamwe.

Mwanzo_Mbeya
Asante sana, mkuu. Kostiki nachanganyia kwenye sufuria ya aluminiamu, ina neno?

FundiNta
Acha leo hii. Kostiki inaila aluminiamu, inatoa povu na gesi inayowaka, na nguvu yake inaishia kwenye sufuria badala ya kwenye rangi. Tumia ndoo ya plastiki ngumu au chombo cha stenlesi. Mimina kostiki kwenye maji, usimimine maji juu ya kostiki, yatachemka ghafla na kukurukia usoni. Ikikugusa, maji yanayotiririka dakika 20, usipake ndimu.

BiMizani
Mdogo wangu, kwenye bei, mali kauli pisi 20 kwa mtaji wa laki tano ni hatari. Piga hesabu ya pisi moja, weka bei za sokoni kwako. Tuseme kitambaa 14,000, rangi na dawa 4,000, nta 2,000, mkaa 1,500. Kisha saa zako 3 kwa 2,000, yaani 6,000. Hapo ndipo wengi wanapojidanganya, wanaacha kujilipa na kuiita faida. Jumla 27,500. Kila ukipata pisi 10 nzima, moja imeharibika, ongeza 2,750. Umefika 30,250 na hujapata hata senti ya faida. Bei ya jumla isishuke chini ya 36,000.

Mpe pisi 5, si 20, kwa maandishi: idadi, bei, tarehe ya kulipa, na zisizouzika zirudi zikiwa safi. Pisi 20 ni zaidi ya laki sita zako kwenye rafu ya mtu mwingine.

Nunua na mizani ndogo ya jikoni. Kijiko cha leo si cha kesho, na mteja akitaka sare ya harusi pisi 30 rangi lazima zifanane. Andika gramu kwenye daftari na ubandike kipande cha kitambaa pembeni.

Karani_wa_Soko
Kwenye usajili: TIN (namba ya mlipakodi) ya TRA haina malipo, inahitaji namba ya NIDA. Jina la biashara ni BRELA, wakala wa usajili wa biashara, kwa mtandao. Ila jina la biashara si alama ya biashara, hiyo ni maombi mengine hapohapo BRELA. Leseni ni halmashauri. Michoro yako inalindwa na sheria ya hakimiliki ya 1999 tangu unapoichora, lakini kuisajili COSOTA (ofisi ya hakimiliki) kunakupa ushahidi siku ukinakiliwa. Mbinu ya batiki yenyewe si ya mtu, usipoteze muda kuilinda.

Mtaji ukipungua, ulizia kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata mikopo isiyo na riba ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri: 4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu. Wanaangalia kikundi, katiba yake na akaunti ya benki, kwa hiyo daftari la BiMizani litakufaa na huko pia.