Kigango ni usemi wa roho ya nani: ya fundi au ya marehemu?

Mwalimu wa Sanaa, Buruburu

Hamjambo, wanajukwaa. Nimefundisha sanaa katika shule ya upili hapa Nairobi kwa miaka 14, na kila muhula huwaambia wanafunzi wangu kwamba mchoro mzuri ni roho ya mchoraji iliyotoka nje ikaonekana. Juma lililopita niliwapeleka kwenye maonyesho ya sanaa za pwani, wakasimama mbele ya kigango cha Wamijikenda kilichowekwa ndani ya kioo: ubao mrefu wa kumkumbukia marehemu, usio na mikono wala miguu, wenye kichwa cha mviringo na kiwiliwili kilichochongwa pembetatu safu baada ya safu. Mmoja wao akaniuliza ni roho ya nani anayoiona pale, ya fundi aliyekichonga au ya mtu aliyechongewa, nami nikakosa jibu. Jina la fundi halikuandikwa popote, na usoni sikuona huzuni wala furaha. Je, tuna haki ya kuiita kazi hiyo usemi wa roho?

Mjukuu wa Kaloleni

Shikamoo, Mwalimu. Mimi ni Mgiriama, mmoja wa Wamijikenda hao, ninayeishi Umoja, na haya niliyasikia kwa wazee wa kwetu. Kigango huchongewa mzee aliyekuwa mwanachama wa Gohu, chama cha wazee wenye heshima na mali, na hakisimamishwi siku ya mazishi. Mara nyingi ni marehemu mwenyewe anayekidai: humjia mtu wa ukoo ndotoni, au maradhi yasiyoeleweka huingia nyumbani kwake, mpaka wazee watambue kwamba koma, yaani roho ya marehemu, anataka mahali pa kukaa, na hapo ndipo fundi huitwa. Kwa hiyo fundi hajielezi nafsi yake. Anamtengenezea mwingine makao. Kikishasimamishwa, humwagiwa tembo la mnazi na kusemeshwa kama mzee aliyepo. Ukoo ukihama, kigango hakiondolewi, bali huchongwa kibao kidogo cha kwenda nacho, na kile cha kwanza huachiwa mvua na mchwa.

Ndiyo maana kioo hicho kinaniumiza. Kigango kimoja kilichoibwa mwaka 1985 kiliishia katika makumbusho ya Illinois, Marekani, na hakikurudi kwa wenyewe hadi mwaka 2007. Waliokitazama huko miaka yote hiyo huenda walikisifu kwa dhati, lakini walikuwa wakisifu kiti ambacho mwenyewe ameondolewa.

Fundi wa Mawe, Kariobangi

Kuhusu madhumuni ya kigango, namwamini mwenzangu aliyetangulia. Lakini sikubali kwamba fundi hayumo. Kazi yangu ni kuchonga majina kwenye mawe ya makaburi. Siweki sahihi, na hakuna anayeniuliza ninavyojisikia. Mwaka jana mama mmoja aliniletea karatasi yenye jina la mwanawe na tarehe mbili zilizoachana kwa miezi saba tu. Herufi zilikuwa zile zile ninazochonga kila siku, kwa kipimo kile kile, ila nilikaa na jiwe lile siku tatu badala ya moja, na kila mkato niliufanya mwembamba zaidi, kwa kuwa mkono ulikataa kulipiga kwa nguvu. Mama yule alipopitisha kidole juu ya jina, alinitazama bila kusema neno. Sidhani kwamba fundi wa kigango alizipanga pembetatu zile safu kwa safu, akijua ni nani atakayekaa humo, na mkono wake usiwe na habari. Labda roho ya fundi huingia pale anapoacha kabisa kuifikiria. Mwalimu, waambie wanafunzi watazame mikato yenyewe, kina chake na nafasi zilizoachwa kati yake, kabla ya kuutafuta uso.

Mwalimu wa Sanaa, Buruburu

Nawashukuru nyote wawili. Nimeona kwamba kwa miaka 14 nimewafundisha watoto kusema tu, sijawafundisha kumtengenezea mtu mwingine mahali. Ndugu yangu wa Kaloleni, naomba kuuliza jambo moja, kama si utovu wa adabu: kigango cha babu yako bado kipo?

Mjukuu wa Kaloleni

Kimebaki kisiki kinachonifika magotini, na pembetatu zote zimekwisha kuliwa. Shangazi yangu akipita hapo asubuhi kwenda kisimani, bado humwamkia.